MDF, sabuni ya mche, bao la plastiki au alumini: ujaribie nini mashine yako ndogo ya CNC

Mtu akishafunga mashine yake ya 3018, ile CNC ndogo ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta, mota ikanguruma na meza ikasogea mbele na nyuma bila kukwama, hamu inayofuata ni moja tu: kuchonga kitu. Wengi huchukua kilicho karibu. Kipande cha mninga kilichobaki kwa seremala, kipande cha alumini ya dirisha, hata mfuniko wa sufuria. Dakika chache baadaye biti, yaani kile kisu kinachozunguka na kukata, imekatika, au duara limetoka limebonyea, na mwenye mashine hajui alaumu nini: faili, skrubu, biti, au kitu chenyewe alichokifunga mezani.

Msimamo wangu ni huu: kitu cha kujaribia kichaguliwe kwa kuangalia swali unalotaka likujibu, wala si kwa kuangalia kazi utakayokuja kuifanya baadaye. Kila nyenzo inasema ukweli kuhusu jambo fulani na kuficha jingine. Povu linakuonyesha njia ya biti lakini halisemi lolote kuhusu nguvu ya mashine. Alumini inasema yote kuhusu nguvu, ila inakutoza biti. Ukizijua tabia hizo, vipande vinne au vitano vya bei ndogo vitakufundisha zaidi ya ubao mmoja wa gharama.

Ninayoyasema hapa yanahusu mashine za ukubwa wa 3018: eneo la kazi la milimita 300 kwa 180, mota ya aina ya 775 ya volti 24 inayofika karibu mizunguko 10,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, koleti ya ER11 (kishikio cha biti) na biti zenye shina la milimita 3.175. Ni mashine nyepesi. Ukisukuma mota kwa kidole kando unaona inacheza kidogo. Mashine nzito ya karakana haihitaji hofu zote nitakazozitaja.

Kabla ya nyenzo yoyote

Jaribio la kwanza halili kitu. Weka sifuri ya Z (mhimili wa kupanda na kushuka) milimita 20 juu ya kipande, kisha uendeshe programu yote huku biti ikipita hewani. Utaona kama umbo linatoshea mezani, kama biti itagonga klempu, kama umechanganya X (kushoto na kulia) na Y (mbele na nyuma). Makosa mengi ya faili huonekana hapa, na ndiyo sababu sipendi kuona mtu anachoma ubao kutafuta kosa ambalo hewa ingemwonyesha bure.

Yanabaki maswali manne ambayo hewa haiwezi kuyajibu: je, kina cha Z kiko sawa? Je, vipimo ni vya kweli? Mashine inahimili mkato wa kiasi gani? Na uso unaobaki ni laini au umechanika? Kila jozi ya nyenzo hapa chini ina nguvu kwenye swali lake.

Povu na sabuni: kwa ajili ya umbo na kina

Povu jeupe linalofungiwa friji na televisheni lipo kila mahali na ni bure. Biti inapita humo kana kwamba hakuna kitu, kwa hiyo hata ukikosea kina kwa milimita 5 hakuna kinachovunjika. Kwa umbo la milima na mabonde, ambapo Z inapanda na kushuka muda wote, povu ni mwalimu mzuri wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba limeundwa na punje. Biti hung'oa punje nzima badala ya kuikata, kingo zinabaki na mashimo, na punje zenyewe zinaganda kwenye mashine, kwenye nguo na kwenye nywele kwa sababu ya umeme tuli. Lile povu gumu la rangi ya bluu au waridi linalotumika kuzuia joto kwenye majengo ni bora mara nyingi zaidi, kwa kuwa halina punje na linaacha uso safi. Tatizo ni kulipata. Ukilipata kwa wanaojenga vyumba vya baridi, omba mabaki.

Usibandike povu jeupe kwa supa glu, maana inalila. Selotepu ya pande mbili inatosha, kwani hakuna nguvu yoyote inayolisukuma.

Usithubutu kupima povu kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, ukaamini namba. Meno ya kalipa yanazama ndani yake, na kadiri unavyobana ndivyo namba inavyobadilika. Mtu anayerekebisha mashine yake kwa kipimo cha povu anaiharibu mashine iliyokuwa nzima.

Sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwangu ndiyo inayoshinda hapa. Inauzwa kila duka la mtaani, ni nzito kiasi cha kukaa imara, na inakatika kwa ulaini ambao mbao haina. Kila mstari wa biti unabaki umeandikwa juu yake. Ukipitisha biti yenye ncha ya V ya nyuzi 20 kuandika jina, utaona herufi zimekaa wazi hadi kwenye kona, na kama ncha ya biti imekatika kidogo, kitako cha kila herufi kitakuwa bapa badala ya mfereji mkali. Kwenye MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kasoro hiyo ingefichwa na manyoya ya nyuzi.

Kuna sharti moja: sabuni iwe imekauka. Mche uliotoka dukani leo bado una maji. Chenga zake ni za kunata, zinajaa kwenye mifereji ya biti na biti inageuka kijiti kinachosugua. Kata vipande, viache kwenye rafu yenye hewa kwa wiki mbili tatu, kisha ujaribu tena. Utaona chenga zinatoka kavu na kuanguka zenyewe. Kwa sababu sabuni hunywea inapokauka, kipande ulichokichonga leo hakitakuwa na vipimo vilevile mwezi ujao, basi usikiweke kama rejea.

Ukimaliza, futa mashine. Sabuni ina asili ya magadi na inavuta unyevu, na hivyo viwili si marafiki wa skrubu wala wa fremu ya alumini. Brashi kavu kwanza, kitambaa kikavu kifuate, kisha tone la mafuta kwenye skrubu. Chenga zenyewe zikusanye kwenye kopo. Zinafulia kama kawaida.

Wapo wanaopendekeza nta, na mishumaa ya dukani huwajia akilini. Nta ya mshumaa peke yake ni dhaifu, inamong'onyoka kwenye kona nyembamba. Nta maalumu ya kuchongea huchanganywa na plastiki laini ya polithini, na mapishi ya nyumbani yanayozunguka ni sehemu nne za nta kwa sehemu moja ya polithini kwa uzito. Matokeo yake ni mazuri sana: uso kama marumaru, na mabaki yanayeyushwa upya. Lakini polithini huanza kuyeyuka ikifika nyuzi joto 105 hadi 115, na mvuke wa nta unaweza kushika moto ukikaribia nyuzi 200. Jiko la mkaa au la gesi halikupi udhibiti huo. Kama huna chombo cha umeme chenye kidhibiti joto, kipimajoto na nafasi ya nje, baki na sabuni. Na nta ikiwaka, kamwe usimwagie maji, funika chombo.

MDF na mbao: kwa ajili ya vipimo

Hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi. Mashine isiyosema ukweli kuhusu vipimo itakusumbua kwenye kila kazi, na MDF ndiyo nyenzo ya bei ndogo inayokuruhusu kuihoji.

Sababu ni kwamba MDF haina mwelekeo wa nyuzi. Ukikata kwa X au kwa Y, biti inakutana na upinzani uleule. Tofauti yoyote unayoiona kati ya pande hizo mbili basi ni ya mashine. Paini, hata ile safi ya mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, haina sifa hiyo: pete zake zina ukanda laini na ukanda mgumu, na biti nyembamba inasukumwa kando kila inapogusa ule mgumu. Unakata mstari ulionyooka, unapata mstari wenye mawimbi madogo, na unaanza kukaza nati ambazo hazikuwa na kosa.

Tuangalie jaribio lenyewe kwa karibu. Mashine nyingi za 3018 hutumia skrubu ya T8 inayosogeza meza milimita 4 kwa mzunguko mmoja. Mota ya hatua ina hatua 200 kwa mzunguko na kila hatua hugawanywa mara 16, kwa hiyo 200 × 16 ÷ 4 inatoa hatua 800 kwa milimita. Ndiyo namba utakayoikuta kwenye mipangilio ya GRBL, programu inayoendesha mashine, kwenye $100, $101 na $102 (za X, Y na Z). Ili kuihakiki, chukua kipande cha MDF cha milimita 9, ukate mifereji miwili iliyokingama na mhimili wa X, umbali wa milimita 100 kutoka kati hadi kati. Hakikisha biti inaifikia mifereji yote miwili ikitokea upande mmoja, tuseme kushoto, ili ulegevu wa nati usiingie kwenye hesabu.

Sasa pima mara mbili. Kwanza kwa meno ya ndani ya kalipa, kutoka ukuta wa mbali wa mfereji wa kwanza hadi ukuta wa mbali wa mfereji wa pili. Tuseme unapata 102.83. Kisha kwa meno ya nje, ubavu uliobaki katikati ya mifereji: 96.49. Jumlisha, gawa kwa mbili: 99.66. Huo ndio umbali halisi, na unene wa biti umejifuta wenyewe. Namba mpya ya GRBL ni 800 × 100 ÷ 99.66, yaani 802.7. Kisha toa 96.49 kwenye 102.83 na ugawe kwa mbili, upate 3.17: upana wa mfereji. Kama biti yako ni ya 3.175 na mfereji umetoka 3.17, koleti imeshika vizuri. Ungetoka 3.35, biti ingekuwa inazunguka ikiyumba, au mota yenyewe ina mchezo. Kipande kimoja cha MDF kimejibu maswali mawili, na ubao wa mninga usingeweza kukujibu hata moja kwa uhakika huo.

Duara ndilo jaribio linalofuata. Chonga duara la milimita 50 na ulitazame kwenye sehemu nne ambapo biti hugeuza mwelekeo: juu, chini, kushoto na kulia. Kama nati zina mchezo, utaona kijibapa au kingazi kidogo hapo hapo. Kwenye MDF kijibapa cha sehemu ya kumi ya milimita kinaonekana ukikishika kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye paini kingepotea kati ya pete.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Nyuso za juu na chini za MDF ni ngumu kuliko moyo wake, hivyo mkato wa milimita 6 kwenda chini utaanza safi na kuwa na manyoya katikati. Pitisha msasa laini kidogo kabla ya kupima na usibane kalipa kwa nguvu. Pili, MDF inavimba kwa unyevu. Ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja, usiiache sakafuni, maana unene wake utabadilika na sifuri yako ya Z itakuwa uongo. Gundi iliyomo pia inakula makali ya biti polepole.

La tatu ni zito zaidi. Vumbi la MDF ni laini mno, linaelea chumbani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na fomaldehaidi, iliyomo kwenye gundi ya bodi hizi, mwaka 2004. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tumia ya N95 au FFP2, weka bomba la vakyumu karibu na biti, na tafadhali mashine isikae chumba wanacholala watoto. Kama huna namna ya kudhibiti vumbi, kaa na sabuni na plastiki hadi uipate.

Mbao halisi basi zina nafasi gani? Zina nafasi ya kukujibu kuhusu uso, pale unapokaribia kazi yenyewe. Kama kesho unachonga kibao cha jina kwa mninga, kata herufi mbili kwenye kona ya mninga uleule leo. Mabaki ni rahisi kupata Keko kwa wale wa Dar es Salaam, au Gikomba kwa wale wa Nairobi, na mafundi wengi watakupa kiroba kwa bei ya maji. Lakini usifanye mbao ngumu kuwa shule ya kwanza. Mvule una tabia ya kuficha madonge ya chokaa ndani yake, magumu kama jiwe, na biti ya milimita moja ikikutana nalo haina cha kusema. Mtiki una mchanga wa silika unaotafuna makali. Mpingo, mti wa wachongaji wa Kimakonde na wa zumari za Ulaya, una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na unazama majini. Kwenye 3018 unakatika vizuri kwa mikato myembamba sana, lakini kwa mtu ambaye hajui bado mashine yake inahimili nini, ni kupoteza mti wa thamani. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kifua kwa watu wengi. Mpingo unachukua miongo kadhaa kukua. Nawaomba tuuheshimu.

Plaiwudi siipendekezi kwa majaribio hata kidogo. Nyuzi za kila tabaka zinakwenda upande wake, ndani mna mapengo, na bodi za bei rahisi zinapasuka juu. Ina matumizi mengi mazuri, ila haifai kwa kupimia mashine.

Bao la plastiki na akriliki: kwa ajili ya mwendo

Wanaoanza wengi wanaamini kwamba ukienda polepole uko salama. Kwenye plastiki imani hiyo inaharibu kazi. Biti inapozunguka mara 10,000 kwa dakika huku meza ikitambaa, makali hayakati tena, yanasugua. Msuguano unazaa joto, plastiki inalainika, chenga zinajishona upya kwenye mfereji nyuma ya biti. Hesabu ni nyepesi: mwendo wa meza gawa kwa mizunguko mara idadi ya makali. Meza ikienda milimita 600 kwa dakika na biti ya kali moja, kila mzunguko unakata unene wa milimita 0.06, na hiyo ni chenga halisi. Biti ileile kwa milimita 100 kwa dakika inabandua 0.01, na hapo unapika.

Bao jeupe la kukatia nyama na mboga, la plastiki ya HDPE, ni shule ya upole ya somo hili. Linasamehe. Likipata joto kidogo linatoa nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye biti, nawe unasimamisha mashine, unazivuta, unaongeza mwendo. Biti haikatiki. Kama huna uhakika ni HDPE, tupa kipande kidogo majini: HDPE inaelea, akriliki na PVC zinazama. Kwa alama za nyuma, tafuta pembetatu yenye namba 2.

Sumbuo lake kubwa ni kulifunga. Hakuna gundi ya kawaida inayoishika HDPE sawasawa. Selotepu ya pande mbili inabanduka katikati ya kazi, supa glu inaachia ukigusa. Toboa matundu kwenye kona na ulifunge kwa skrubu kwenye ubao wa chini, ukikumbuka kuyakwepa matundu hayo kwenye programu.

Na usilipimie. Plastiki hii hutanuka kwa joto mara nyingi kuliko chuma: kipande cha milimita 100 kikipata nyuzi 10 zaidi, kinaongezeka kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Alumini ya urefu huo ingeongezeka karibu milimita 0.023 tu. Ukipima saa sita mchana na kupima tena jioni, utapata mashine mbili tofauti.

Akriliki, ile ya mabango, ni mtihani mkali zaidi wa somo hilohilo. Inaanza kulainika karibu nyuzi 105, haina uvumilivu, na ikikosea inapasuka. Mafundi wa mabango wana mabaki kila siku. Waulize kama ni ya kumiminwa au ya kusukumwa kiwandani. Ya kumiminwa inatoa chenga kavu kama theluji ya friji, ya kusukumwa inayeyuka mapema na kunata. Ukishafaulu kutoa mfereji msafi kwenye ile ya kusukumwa, mwendo wako umekaa sawa kwa karibu plastiki yoyote. Usiifute kwa spiriti baada ya kuchonga, kwani kingo zitaota nyufa ndogondogo. Maji na sabuni kidogo vinatosha.

PVC inachongeka vizuri kwa biti, na mabaki ya bodi za dari yamejaa. Ila 3018 nyingi huja na kichwa cha leza kwenye boksi. Leza kwenye PVC inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma mapafu na kuozesha vyuma vya mashine. Kama nyumbani kuna mtu mwingine anayetumia leza, usihifadhi PVC kwenye boksi moja na akriliki.

Alumini na brasi: kwa ajili ya nguvu

Alumini ndiyo inayotoa hukumu kuhusu ugumu wa fremu. Mlio ndio kipimo chako cha kwanza: mkato mzuri unavuma kwa sauti moja, mkato mbaya unapiga kelele ya kukereketa na kuacha mawimbi kwenye ukuta wa mfereji. Punguza kina kwanza kabla ya kupunguza mwendo.

Aina ya alumini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ya sufuria ni karibu alumini tupu, laini na ya kunata. Inajigandisha kwenye biti na kuivunja. Ya fremu za madirisha mara nyingi ni 6063, afadhali kidogo, lakini kuta zake ni nyembamba na zina uwazi ndani, kwa hiyo zinatetemeka na kuongeza kelele isiyo ya mashine yako. Tafuta kipande cha bapa kilichojaa, ikiwezekana 6061 iliyoimarishwa kwa joto hadi kiwango cha T6. Karakana za Gerezani au Kamukunji zitakukatia kipande kidogo ukiwaeleza unachotaka.

Kilainishi kinasaidia sana, na mafundi wetu wamezoea mafuta ya taa. Kwenye 3018 ninashauri tahadhari: mota ya 775 ina brashi zinazotoa cheche, na mvuke wa mafuta ya taa au spiriti hauhitaji zaidi ya hapo. Tone la mafuta ya kupikia kwa brashi ndogo linafanya kazi na halileti hatari hiyo. Usipulizie kitu chochote.

Brasi inakatika kwa usafi kuliko alumini, chenga zake ni fupi na hazinati, wala haihitaji mafuta. Ingekuwa bei yake ni sawa na ya alumini, ningeiweka mbele. Chuma cha kawaida kiache kwa mashine nyingine.

Namba za kuanzia

Hizi ni za biti ya milimita 3.175, mota ikiwa karibu na mizunguko 10,000. Anza hapo, sikiliza, kisha panda.

| Nyenzo | Kina kwa mpito (mm) | Mwendo (mm/dak.) | Makali ya biti |
|---|---|---|---|
| Povu | 4 | 1000 | 2 |
| Sabuni kavu | 1.5 | 800 | 2 |
| MDF | 0.5 hadi 1 | 600 | 2 |
| Bao la HDPE | 1 | 600 | 1 |
| Akriliki | 0.4 | 500 | 1 |
| Alumini | 0.1 | 250 | 1 |

Wanaonunua 3018 kwa ajili ya saketi za umeme wana njia yao fupi. Sabuni kwa kujifunza biti ya V, kisha moja kwa moja bodi ya shaba ya FR1, ya karatasi na resini. FR4 ina nyuzi za kioo, vumbi lake ni baya kwa mapafu na inamaliza ncha za biti haraka. Tabaka la shaba lenyewe mara nyingi lina mikroni 35 tu, kwa hiyo tatizo lako kubwa litakuwa meza isiyo sawa, na hilo linapimwa kwa kugusa bodi pointi kadhaa kabla ya kukata.

Kama pesa inatosha vitu viwili tu

Chukua kipande cha MDF cha milimita 9, cha ukubwa wa karatasi ya A4, na miche miwili ya sabuni uiache ikauke. MDF itakupa vipimo, sabuni itakupa umbo na kina. Ukipata cha tatu, kiwe bao la HDPE, kwa sababu mwendo ndio unaowashinda wengi. Alumini isubiri hadi upana wa mfereji kwenye MDF utoke uleule kila ukiurudia, na duara lisiwe na kijibapa. Kabla ya hapo haitakueleza kitu ambacho MDF haijakueleza tayari.

Pesa inayobaki nunulia biti: tatu za makali mawili kwa sabuni na MDF, tatu za kali moja kwa plastiki. Tenga moja mpya kwa ajili ya vipimo pekee, na juu ya kila kipande unachokata andika kwa kalamu ya wino mzito biti ipi, kina gani na mwendo gani, palepale kabla hujakifungua mezani.